Chuma cha Chungu Kimoja

Nondo ya kwanza kuwaamkia wakubwa niliifundisha mimi, na nusura inifukuzishe kazi.

Ilikuwa imelala mezani kwenye maabara yetu ya Nyundo Steel, Ludewa, imetulia kama nondo nyingine yoyote. Mgeni mmoja kutoka wizarani akaigonga na kalamu, si unajua wageni wanavyogonga vitu ili waonekane wanaelewa. Nondo ikatetemeka, ikasema, "Shikamoo."

"Marahaba," mzee wa watu akajibu, kabla akili haijafika. Ilipofika akaruka nyuma, akatua kwenye kidole cha Dokta Kalista Kayombo, mkuu wetu wa utafiti, aliyekuwa amevaa viatu vipya.

"Mgaya," Dokta alisema, amefumba macho kwa maumivu. "Nje."

Nikatoka. Nikasimama barazani kwenye baridi ile ya Ludewa inayoingia mpaka kwenye meno, nikijua nimekwisha. Chuo niliachia mwaka wa tatu, ada na uzembe vilishindana vikatoka sare, na kazi hii nilipewa kwa huruma. Dokta akaja baada ya wageni kuondoka, anachechemea.

"Umefanyaje mpaka iseme?"

Sikiliza swali hilo. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza umefanyaje.

"Kitovu, Dokta. Nimekigeuza. Badala ya kusikiliza chuma, nimekifanya kikitetemeshe."

Kitovu ni kidude kidogo tulichokuwa tunakibandika kwenye kila jengo lenye chuma chetu, ili tujue chuma kinajisikiaje. Dokta akasema, "Andika ulivyofanya, hatua kwa hatua. Ukimaliza, hivi viatu unavisafisha wewe."

Toka siku hiyo ukimsema yule mama vibaya tunagombana.

Sasa, chuma chenyewe. Dokta alikuwa na namna yake ya kuwaonyesha wageni. Anachukua nondo mbili zilizopikwa chungu kimoja, yaani mpiko mmoja wa tanuri, moja anaibana kwenye meza ya huku, nyingine meza ya kule, hakuna waya katikati. Anagonga ya huku, ya kule inalia. Wageni wanacheka. Kisha anaiweka ya huku kwenye mashine ya kukunjia, anaikandamiza mpaka mahali ambapo nondo ya kawaida ingeshakatika zamani, na yenyewe haikatiki. Hapo anamwambia mgeni aende akaishike ile ya kule. Mgeni anaishika, anakuta inanepanepa kama fimbo mbichi. Hapo hawacheki tena.

Kinachokilemea kimoja, ndugu zake wanajitwisha kidogokidogo. Mzigo ukiondoka, kila mtu anarudishiwa nguvu yake. Ni punje za ndani ya chuma, zikipikwa pamoja na unga fulani mweusi wa Dokta zinashikana undugu, na ukizipeleka mbali haziachani. Ukitaka hesabu yake muulize Dokta. Mimi niliacha chuo kabla ya kufika hapo.

Ila undugu ukizidi ni balaa, tulilijua hilo. Kwa hiyo kila chungu kilitakiwa kiwe ukoo wake, mdogo, unaojulikana. Ukipika, unamimina, unasafisha tanuri kabisa, unaanza ukoo mwingine. Chungu cha kwanza kilitoa Daraja la Lihangwe. Na vipande vilivyobaki nilimlilia Dokta mpaka akavitoa, vikawa kenchi za paa la nyumba ya mama yangu kule Mlangali. Mama alikubali nyumba yake iwe ya majaribio kwa sharti moja tu, kwamba isije ikamwamkia.

*

Mvua za mwaka ule zilikuwa na ugomvi na mtu.

Asubuhi nilikuwa nakunywa chai nikatazama ramani yetu ukutani, ile yenye taa, kila jengo taa yake. Taa ya Daraja la Lihangwe ilikuwa nyekundu. Nikaita, "Dokta!" na kabla hajageuka simu ikalia. Alikuwa Mtendaji wa Lihangwe, Eusebi, mtu ambaye hata akikutakia heri anapiga kelele.

"Gogo limeshuka na maji limegonga nguzo! Nguzo ya katikati imehama! Daraja bado limesimama, sijui limesimama kwa nini!"

"Toeni watu darajani," Dokta akasema.

"Dokta, hao watu ndio wanavuka! Kitongoji cha bondeni chote kiko ndani ya maji! Njia ni hii tu! Wengine wanabeba wagonjwa, wengine bado hata hawajafika!"

"Wanahitaji muda gani?"

"Wanakuja na bibi zao mgongoni, nikupe muda gani?"

Nikatazama taa ya nyumba ya mama. Njano. Hilo tulilitarajia, ni chungu kile kile. Lakini pembeni yake ikawaka nyingine njano. Shule ya Mkiu, chungu cha nne. Kanisa. Zahanati. Maduka ya Ludewa mjini. Zikawa zinawaka moja baada ya nyingine, vyungu vyote, mpaka paa la kantini yetu wenyewe.

"Haiwezekani," Dokta akasema. "Hizi si ndugu. Hizi si ndugu kabisa."

Tukamwita Mama Luoga, mkuu wa tanuri. Akaja na buti zake na aproni ya ngozi, mama mnene, mcheshi, ambaye wanaume wote wa tanurini wanamwogopa kuliko moto.

"Mama Luoga," Dokta akaanza polepole, "tukimaliza chungu, tanuri unasafisha?"

"Nasafisha."

"Linabaki tupu?"

"Tupu kabisa." Akafikiri. "Ile chachu tu ndiyo inabaki."

Nje mvua inapiga bati, ndani taa zinazidi kuwaka.

"Chachu gani, mama?" nikauliza.

"Jamani. Uji wa chuma kidogo unaubakiza chini, ili skrepa ya kesho iyeyuke upesi. Tanuri zote za umeme duniani zinafanyiwa hivyo. Na mwanamke gani anapika pombe anasugua mtungi mpaka unang'aa? Kesho utaanzia wapi?"

"Niliandika tanuri lisafishwe," Dokta akasema.

"Nami nikalisafisha kama mtungi unavyosafishwa."

Dokta akaketi. Halafu, naapa, akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Mama yake naye alikuwa mpika pombe ya komoni, alinieleza baadaye. Yeye mwenyewe asingesugua. Kila chungu kilikuwa na tone la chungu kilichotangulia, na kile kina tone la kile kingine, mpaka cha kwanza. Hatukuwa na koo nyingi. Tulikuwa na ukoo mmoja, wilaya nzima.

*

Mkono wa Dokta ulikuwa kwenye kitufe cha Mkasi.

Mkasi ni mlio. Unautuma kwenye kitovu cha jengo, punje zinashtuka, zinaachana, undugu umekufa na haufufuki. Ulikuwa umewekwa kwa ajili ya siku kama ile.

"Nikikata daraja," akasema, "paa zote zinapona sasa hivi. Na waliopo darajani wanaingia mtoni."

"Basi usikate."

"Nisipokata, Mgaya, kuna watoto pale Mkiu wamekaa darasani chini ya kenchi zinazolainika, na hakuna aliyewaambia. Walinunua paa. Hawakununua kubeba daraja la watu. Nina haki gani ya kuwatwisha?"

Mama Luoga akasema, "Watu wanakufa maji wewe unazungumza haki."

"Na paa likimwangukia mtoto wa mtu, mama, tutamwambia nini mzazi wake? Kwamba tulimchagulia?"

Mimi nilikuwa natazama taa moja tu. Ya Mlangali ilikuwa imepita njano, inaelekea rangi ya chungwa. Nyumba ya mama ilikuwa ndugu wa damu na daraja, kwa hiyo ndiyo iliyokuwa inabeba sana kuliko zote. Na kidole changu, sikukituma, kilikuwa tayari kimefungua kitovu cha Mlangali kwenye mtambo. Kukata nyumba moja ni kubonyeza tu. Mama anabaki salama, daraja linalegea kidogo, nani atajua?

Dokta aliniona. Alinigeuzia mgongo akatazama dirishani, kuniachia nafasi ya kuwa mtu mbaya au mzuri bila shahidi. Sijui kama nimewahi kuheshimiwa zaidi ya pale.

Nikapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Mama, toka nje ya nyumba."

"Mvua yote hii? Na nyonga yangu hii? Kuna nini, paa langu linataka kuniamkia?"

Nikamweleza haraka haraka. Daraja, Lihangwe, watu wa bondeni, kenchi zake. Mwisho nikasema, "Naweza kukukata wewe, mama. Sasa hivi. Sema tu."

Nikasikia redio yake nyuma, mtu anatangaza bei ya mbolea.

"Kwa hiyo," akasema, "nyumba yangu imeshachangia na mimi sijui?"

"Ndiyo, mama."

"Na wengine wote wamechangia hawajui?"

"Ndiyo."

"Optati. Mimi nimekuwa mwenyekiti wa kamati ngapi hapa Mlangali? Misiba, arusi, ubatizo wa watoto ambao hata baba zao hawakuja. Umewahi kuniona naingia nyumbani kwa mtu nabeba kuku wake kimya kimya, halafu naita mchango? Huo ni wizi. Hata kama kuku anakwenda kwa yatima, ni wizi."

"Sasa tufanyeje, mama? Muda hakuna."

"Unaniuliza mimi? Waulizeni! Mtu akiombwa anatoa. Asiyetaka atasema hataki, mtamwacha. Hivi ninyi wasomi mnafundishwa nini huko?"

"Mimi sikumaliza, mama."

"Najua hukumaliza, hiyo tusiifungue leo."

Simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje. Dokta aligeuka kutoka dirishani. Tukatazamana, halafu wote wawili tukatazama ile nondo ya shikamoo iliyokuwa bado mezani.

"Mgaya," akasema, "ile takataka yako inaweza kufanya kazi kwenye vitovu vyote kwa pamoja?"

"Inaweza, Dokta."

"Unajuaje?"

"Nilikuwa nimepanga kuitumia Siku ya Wajinga."

*

Sauti ilikuwa ya mama. Nani mwingine? Nusu ya wilaya ilimjua kwa michango, nusu nyingine ilimjua kwa kumkimbia. Nikaunganisha simu yake na mtambo, nikamwambia aongee taratibu, chuma hakipendi kukimbizwa. Na hivyo ndivyo kenchi, nguzo na magrili ya madirisha wilaya nzima yalivyotetemeka yakabisha hodi.

"Hodi humo ndani. Msiogope, si mashetani, ni Mama Opta wa Mlangali. Daraja la Lihangwe limeumia na watu wa bondeni wanavuka wakikimbia maji. Hiki chuma mlichojengea ni ndugu yake daraja, kinaweza kulisaidia kubeba, lakini paa lako litalegea wakati huo. Wenye kiwanda hawakuwauliza mwanzo. Wamekosea, nitawashughulikia. Sasa wanawauliza. Ukikubali, toa watu nje kwanza, wote, na wagonjwa na watoto, halafu gonga chuma mara mbili. Ukikataa, gonga mara moja, watakukata na hakuna atakayekununia. Usipojibu tunahesabu umekataa. Kwangu mimi natoka sasa hivi."

Tukasikia kiti kikiburuzwa. Tukasikia akimwita jirani yake, "We Skola, njoo unishike mkono, acha kushangaa." Mlango. Mvua, karibu kabisa na simu. Halafu nondo yetu mezani ikalia, ti, ti.

Ramani ikaonyesha Mlangali, mara mbili.

Baada ya hapo kimya. Mtendaji Eusebi alikuwa kwenye simu nyingine, na kwa mara ya kwanza toka nimjue alinong'ona. "Linayumba. Wapo katikati. Dokta, linayumba."

Ti.

Moja. Shule ya Mkiu. Mwalimu mkuu amekataa; baadaye alitueleza kwamba alikuwa na watoto wa chekechea na mvua ilikuwa ya mawe. Dokta akabonyeza Mkasi bila kusita. "Asante, mwalimu," akasema, ingawa mwalimu hakuweza kumsikia. Taa ya shule ikazimika, na ya daraja ikapepesa.

Ti. Mwenye duka la vifaa, mjini. Huyo alipiga na simu kabisa, akasema bati lake halimchangii mtu, mara ya mwisho alichangia arusi na hakupewa hata soda. Dokta akamkata pia, akamwambia asante, na nadhani alimaanisha.

Halafu, ti ti. Kanisa. Nilijifunza baadaye kwamba walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, wakatoka wote na majoho, wakaendelea kuimba kwenye matope.

Ti ti. Ti ti. Nyumba ambazo sikuzijua. Ti ti kutoka zahanati, baada ya muda mrefu, maana walikuwa wanahamishia wagonjwa kwenye jengo la zamani la matofali. Ti ti nzito, ya nyundo. Hiyo ilikuwa gereji. Ti ti ndogo, ya kijiko. Nondo pale mezani ikawa haipumziki, ikalia juu ya kelele za mvua mpaka ukashindwa kutenganisha nyumba na nyumba. Mama Luoga alikuwa ameondoka bila kuaga. Mara tukasikia ti ti yenye nguvu nusura nondo ianguke chini. Tukachungulia. Kantini ilikuwa tupu, wafanyakazi wote wamesimama uani na masahani yao ya wali yanajaa maji, na yeye ameshika koleo.

Taa ya daraja ilikuwa bado nyekundu. Lakini ilikuwa nyekundu iliyotulia.

"Limeacha kuyumba," Eusebi akanong'ona.

*

Walivuka. Sitakuambia kwa muda gani maana hakuna aliyetazama saa. Eusebi alikuwa anatutajia. Sasa anavuka Mzee Mtweve na cherehani yake, ameambiwa aiache amekataa. Sasa mama mwenye pacha. Sasa wanavuka na mgonjwa kwenye kitanda cha kamba. Sasa mbuzi. "Mbuzi wa nani, jamani, watu kwanza!" Sasa wa mwisho. Sasa kweli wa mwisho.

"Wamekanyaga nchi kavu," akasema. Halafu akarudia sauti yake ya kawaida, "WAMEKANYAGA NCHI KAVU!"

Dokta akawa tayari kukata daraja. Lenyewe likatangulia. Nguzo ya katikati ikalala taratibu majini, vipande vya ng'ambo vikafuata, na kilichobaki ni kipande kimoja cha ukingo wa chuma upande wa Lihangwe ya juu, kimeng'ang'ania mwamba. Taa ya daraja ikazimika. Zilizobaki zikaanza kurudi kijani, moja moja, kama watu wanaorudi makwao baada ya shughuli.

Ya Mlangali ilirudi mwisho, na haikurudi yote. Kenchi moja ya jikoni ilikuwa imebeba kupita uwezo wake, ikapinda, na mpaka leo imepinda. Nimeshamwambia mama mara nyingi nitamletea mpya. Anasema ile ndiyo anayowaonyesha wageni, mpya atamwonyesha nani?

Dokta alikuwa ameegemea meza, uso kwenye viganja. Nikajua anafikiria mambo yatakayokuja. Wamiliki wote wa kuombwa radhi mmoja mmoja, tanuri la kusuguliwa, na kuamua kama chuma hiki kina haki ya kupikwa tena bila mwenye nyumba kukaa chini akaelezwa ni ukoo gani anaoingia. Hayo tuliyafanya yote, na mengine bado tunayafanya. Lakini saa ile nilimletea chai tu. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Asante kwa kutobonyeza," akasema.

"Asante kwa kutotazama," nikasema.

Ndipo nondo ikalia tena. Ti ti ti. Tukashtuka wote. Mkasi haukuwa unatumwa popote saa ile, mtambo wa sauti nilikuwa nimeuzima kwa mkono wangu. Ti ti ti ti. Haikuwa mbili, haikuwa moja, ilikuwa nyingi, za kila aina, nzito na nyepesi, hazina mpangilio.

Simu yangu ikaita. Mama.

"Optati! Mimi nimeloa, nyonga inauma, ndio kwanza nimeingia ndani, na bati langu linagongwagongwa. Acha utani wako bwana!"

"Mama, safari hii si mimi."

"Si wewe, ni nani?"

Kwenye simu nyingine Eusebi alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake nikasikia mawe, vijiko, fimbo, na mlio ambao naamini ulikuwa wa mguu wa cherehani. Alikuwa amewaeleza. Watu wote wa bondeni, wameloa, hawana nyumba, walikuwa wamejipanga kwenye kile kipande cha ukingo kilichobaki, na kila anayefika anakigonga.

"Ni watu wa Lihangwe, mama," nikasema. "Wamevuka wote. Wanashukuru."

Nikasikia anahema, nikasikia kiti kinaburuzwa tena kwenye sakafu, na Skola anamuuliza anapanda kwenda wapi na nyonga hiyo. Halafu mezani kwetu, katikati ya milio yote ile, nikaitambua moja ya mwiko.

"Unafanya nini, mama?"

"Si naitikia," akasema. "Mtu akibisha hodi kwako, unanyamaza?"